Mstari wa Njano Uani kwa Aili

Kwa zaidi ya miaka hamsini, mpaka kati ya kiwanja cha Eldon Niskala na cha Aili Perttula ulikuwa pale mashine zao za kukata nyasi zilipopishana. Akitangulia Eldon, alikata mpaka karibu na ukuta wa sauna ya kina Aili, ndipo akageuza. Akitangulia mume wa Aili, alipitiliza hadi penye banda la gari la Eldon na kumpunguzia kazi. Hakuna aliyewahi kuuliza zile nyasi za katikati ni za nani. Katika mtaa ule wa Vesala, mji mdogo wa wachimba chuma kaskazini mwa Minnesota, ungemuuliza mtu mpaka wake uko wapi angekunyooshea kidole, "Hapo hapo," halafu angekukaribisha kahawa.

Sauna yenyewe ilikuwa kibanda cha magogo ya mwerezi, chenye jiko la kuni na rundo la mawe juu ya jiko. Baba yake Aili aliijenga kabla ya nyumba, kama Wafini wa zamani walivyozoea, na mwaka wa kwanza familia nzima ililala humo. Jumamosi alasiri moto uliwashwa, mawe yakashika joto, na majirani wakaingia kwa zamu kutoa jasho na kujimwagia maji, wanawake kwanza, wanaume baadaye. Kisha walikaa jikoni kwa Aili, nyuso nyekundu, wakinywa kahawa kwa mkate wa iliki. Eldon alioshwa mle akiwa na wiki mbili duniani. Aliendelea kwenda hadi alipooa, hata baada ya kuoa, mpaka alipojiwekea bafu la maji ya moto nyumbani kwake. Hapo safari zikapungua, zikawa za sikukuu, mwisho zikaisha zenyewe bila ugomvi wowote.

Aliendesha lori kubwa la mgodini miaka thelathini na minane. Siku ya kustaafu wenzake walimpa tableti, wakamtania kwamba sasa atakuwa anachimba kwa kidole. Majira yale ya baridi yalikuwa marefu, na mtu aliyezoea kuamka saa kumi kwenda kusogeza milima ya mawe alijikuta ameketi dirishani akihesabu magari yanayopita, na hayakuwa mengi. Akaanza kutazama picha za setilaiti. Mwanzoni alitazama maziwa, akitafuta mahali samaki wanapoweza kujificha. Baada ya maziwa akaja mjini. Aliliona paa lake mwenyewe, akafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Aliona mapipa yaliyofichwa nyuma ya nyumba ya mchungaji, na boti iliyooza ya mtu ambaye kila mwaka husema ataitengeneza. Picha ilipigwa siku ya jua, maana uani kwa Aili kulikuwa na mistari midogo myeupe, shuka zake kwenye kamba, na kando yake kidoa kimoja ambacho Eldon aliapa ni Aili mwenyewe.

"Mzee, umeanza kuchungulia watu?" mkewe Darlene alimuuliza.

"Sichungulii. Hii ni ramani ya bure. Kila mtu anaona."

"Na mtu akisahau kufunga pazia kila mtu anaona. Ndiyo usimame ukodoe macho?"

Eldon alicheka. Februari aligundua kwamba kulikuwa na ramani nyingine ya bure, iliyobandika mipaka ya viwanja juu ya zile picha. Kabla haijafunguka yalitokea maandishi madogo mengi, na chini yake kitufe cha kukubali. Akakubali bila kusoma, kama tunavyokubali sote. Mistari ya njano ikatanda juu ya mji mzima, imenyooka vizuri. Akautafuta mtaa wake, akavuta picha ikakua.

Mstari ulikuwa umepita katikati ya sauna ya Aili. Zaidi ya nusu ya kibanda kile ilikuwa upande wake yeye.

Tangu siku ile hakuiona tena sauna kama alivyokuwa akiiona. Zamani ilikuwa kibanda cha jirani, chenye moshi wa Jumamosi. Sasa kila akitoka kibarazani macho yake yalichora mstari wa njano juu ya theluji, na kile kilichokuwa upande wa huku kilimkera. Alianza kusema "ardhi yangu" kwa sauti ambayo Darlene hakuwahi kuisikia. Hata zile nyasi alizozikata miaka yote kwa mazoea zilimwuma. Alijiona amefanywa mjinga nusu karne.

Kwenye mkahawa wanakokutana wazee asubuhi, aliitoa tableti na kuwaonyesha. Gordy Stanich, waliyefanya naye kazi mgodini, alivuta kiti.

"Hebu niangalizie na mimi. Yule jirani yangu Benny na kuni zake, mbona naona kama zimo kwangu?"

Eldon akavuta picha. "Zimo. Futi sita nzima."

"Acha bwana! Yaani mimi namtunzia Benny kuni bure?"

Wote wakacheka, na Gordy akacheka kuliko wote. Lakini baada ya siku tatu alikuwa hacheki tena, na Benny alizihamisha kuni zake kwenye baridi ile bila kumwamkia mtu. Wengine nao wakaja. Eldon aliwachapia picha nyumbani kwake, akazungushia kalamu nyekundu panapohusika. Kufika kiangazi, njia ya mkato ambayo watoto wa mtaa waliitumia kwenda ziwani ilikuwa imefungwa kwa waya, na kina dada wawili waliokuwa wakilima viazi pamoja walikuwa wamepigilia vigingi katikati ya matuta. Eldon hakuyaona hayo kuwa makosa yake. Aliona tu kwamba watu wanamhitaji. Tangu aache lori, hakuna aliyekuwa amemhitaji kwa lolote.

Septemba aliandika barua kwa Aili. Angeweza kuvuka nyasi na kubisha mlango, hatua arobaini tu. Lakini Aili ndiye aliyemfundisha masomo ya Jumapili kanisani alipokuwa mdogo, na hata sasa, akiwa na miaka sitini na saba, alikuwa akimwita Bi Aili. Alijua akimtazama usoni hataweza kusema. Karatasi ilikuwa rahisi zaidi. Aliandika kwamba, kwa mujibu wa ramani, jengo lake limeingia katika kiwanja kisicho chake, na kwamba angeshukuru likiondolewa kabla ya theluji. Akaambatanisha picha yenye duara jekundu, akaitumbukiza katika sanduku la barua la Aili wakati Aili yuko kwa daktari.

"Umeandika nini?" Darlene alimuuliza alipojua. "Eldon! Kwa yule mama? Mama yako mwenyewe alikuwa akikubeba kukupeleka mle."

"Haki ni haki. Sikuichora mimi ile ramani."

"Basi mngoje afe. Ana miaka themanini na mitano. Utakufa usipozipata hizo futi chache?"

Eldon alichukua kofia yake, akatoka kibarazani.

Aili hakujibu barua. Katikati ya Oktoba alikuja mpwa wake na trekta. Eldon alisimama nyuma ya pazia akatazama. Walitoa kwanza bomba la moshi, wakatoa benchi, wakatoa mawe moja moja na kuyapanga kando. Halafu mpwa akafunga mnyororo kwenye magogo na kuvuta, na ukuta uliokuwa umesimama tangu kabla ya vita ukalala chini kwa sauti isiyo kubwa. Aili alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe, mikono mifukoni. Kazi iliisha kabla ya saa tisa. Jioni Eldon alipofungua mlango alikuta kwenye ngazi kitu kimefungwa kwa gazeti. Ilikuwa kata ya enameli, nyeupe yenye ukingo wa buluu, iliyotundikwa kwenye msumari mle saunani miaka yote. Chini yake, kwa rangi iliyofifia, kulikuwa na herufi za jina la mama yake.

Aliiweka juu ya kabati. Usiku ule Darlene alikwenda kulala bila kumwambia usiku mwema.

Theluji ilipoyeyuka Mei, Eldon alitaka kupanua banda la gari aweke na boti, maana sasa nafasi ilikuwapo. Alikwenda ofisi ya mji kuomba kibali, na picha yake mkononi. Karani akaitazama, akamrudishia.

"Hii si kitu, Eldon. Lete karatasi ya mpima ardhi."

"Lakini mistari si hiyo hapo?"

"Soma basi hapo chini."

Alisoma kwa mara ya kwanza, kwenye kaunta, akiwa amevaa miwani. Maandishi madogo yalisema ramani ile ni ya kumsaidia mtu kupata picha ya jumla, na kwamba isitumiwe kuamulia mipaka. Masikio yake yalipata moto. Hata hivyo alijiambia kwamba hayo ni maneno ya wanasheria, yanaandikwa hata kwenye sanduku la dawa ya mswaki.

Mpima ardhi alikuwa mwanamke wa makamo, Theresa Zupan, mwenye buti za matope na mashine ya miguu mitatu. Alikuwa pia na fimbo ya kunusia chuma, akaipitisha taratibu juu ya nyasi huku akisoma nakala ya ramani ya zamani ya kampuni ya mgodi. Eldon alimfuata nyuma, akimwonyesha mahali mstari wa njano unapopita. Theresa hakubishana naye. Fimbo ikalia, lakini haikulia pale. Ililia karibu na banda la gari la Eldon. Theresa akapiga magoti, akachimba kwa koleo dogo kina cha mkono, akafuta udongo kwa kidole gumba. Chuma cha duara, chenye kutu, kikachungulia.

"Hiki hapa," alisema kwa furaha ya mtu aliyeona uyoga. "Mpaka wako ndio huu."

"Haiwezekani. Ramani inasema…"

"Najua inachosema. Picha ilipigwa toka juu. Mistari ilichorwa na mtu mwingine, mezani, kwa karatasi za zamani. Ikabandikwa juu ya picha. Kuna mahali inakaa sawa, kuna mahali inateleza. Mtaa huu wote imeteleza, kama futi ishirini." Akasimama, akapangusa magoti. "Tena kona ya banda lako imeingia kwa jirani. Futi mbili na ushee."

Theresa alikuwa akitazama mraba mweusi wa udongo ambao nyasi zilikuwa hazijauotea.

"Hapa palikuwa na jengo?"

"Sauna."

"Ilikuwa kwake yote, basi. Hata haikukaribia. Mbona walibomoa?"

"Ilikuwa kuukuu," Eldon alisema.

Maneno hayo yalitoka yenyewe, na alipoyasikia alijichukia kuliko alivyowahi kujichukia. Theresa akatikisa kichwa kwa huruma, akaendelea kupigilia vigingi vyake vya utepe wa waridi, kimoja baada ya kingine, katika mstari ambao mtu yeyote aliyepita barabarani angeuona.

Siku tatu Eldon hakutoka. Alisema mgongo unamuuma. Siku ya tatu alimwambia Darlene yote, hata lile jibu alilompa mpima ardhi. Darlene aliendelea kumenya viazi hadi akamaliza.

"Utakwenda mwenyewe," alisema. "Na usithubutu kuandika barua."

Akaenda. Hatua arobaini zile zilikuwa ndefu. Aili alimfungulia mlango wa jikoni, akamwonyesha kiti, lakini Eldon alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Bi Aili, nimekuja kwa ajili ya sauna. Nilikosea. Mpima amekikuta chuma cha mpaka. Sauna ilikuwa kwako. Yote. Na banda langu ndilo limeingia kwako."

Aili alimtazama. "Chuma kiko wapi?"

"Karibu na kona ya banda langu."

"Upande wa kusini? Hatua kama tatu?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

Aili akaketi polepole.

"Nilishika kamba," alisema. "Baba yangu na babu yako ndio walikipigilia. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikaambiwa shika kamba usiiachie. Nilikumbuka hivyo. Ulipoleta barua nilimwambia mpwa wangu, chuma kiko kule, mimi nilishika kamba. Akaniambia, shangazi, hii picha imepigwa toka angani, haiwezi kukosea, wewe umri umekwenda. Nikawaza labda kweli. Watu siku hizi wananiambia kila mara kwamba nimesahau hiki, nimesahau kile. Nikasema, ikiwa hata lile nililolishika kwa mikono yangu silo, basi akili imekwisha. Majira yote ya baridi nimekuwa nikijikagua. Nazima jiko, narudi kutazama kama nimezima."

Akainua macho, na uso wake ukachangamka. Uchangamfu ule ndio uliomkata Eldon maini.

"Kwa hiyo sijachanganyikiwa?"

"Hapana, Bi Aili."

"Kamba niliishika kweli?"

"Uliishika kweli."

"Ah," alisema Aili, akacheka kidogo, akafuta macho kwa aproni. "Ah, afadhali."

Eldon alikuwa amejiandaa kutukanwa. Usiku kucha alikuwa amepanga majibu ya kila tusi. Furaha hii hakuwa ameipangia. Alisimama pale akiona aliyoyafanya: sauna lilikuwa jambo dogo; alimnyang'anya mwanamke huyu kumbukumbu zake, akamwacha peke yake miezi minane akiogopa kichwa chake mwenyewe.

"Kwa nini hukuja kuniambia?" Eldon aliuliza. "Kuhusu hiyo kamba."

"Hukuniuliza, Eldon. Niliisoma barua yako mara nne. Haikuwa na swali hata moja."

Alitaka kumjengea sauna mpya. Alisema ataagiza mierezi, atafanya kazi mwenyewe. Aili alikataa kwa upole ule ule. "Mpya itanukia duka. Ikianza kunukia sauna, mimi nitakuwa nimeshakufa. Niache."

Mkahawani Eldon aliwaambia wote, mlango ukiwa wazi na kahawa mkononi, kwamba mistari aliyowachapia ilikuwa ya uongo mtaa mzima. Gordy alitazama kikombe chake. "Kwa hiyo Benny kuni zake zilikuwa kwake?"

"Zilikuwa kwake."

"Na mimi nimeshajenga uzio." Kisha Gordy akaguna, "Haya, Setilaiti, nenda wewe ukamwambie."

Jina hilo likamganda. Baadhi ya nyaya ziliondolewa. Uzio wa Gordy haukuondolewa, na wale dada wa viazi hawakulima pamoja mwaka ule wala uliofuata. Eldon alikwenda mlango kwa mlango, na katika kila mlango aligundua kwamba kuwaambia watu wamekosana bure hakuwapatanishi. Wengine walimkasirikia zaidi kwa kuwaambia.

Julai alikata kona ya banda lake. Hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Alibomoa ukuta, akausogeza nyuma futi tatu, na pikapu yake ikawa haiingii tena, mkia unabaki nje kwenye mvua. Watu walipunguza mwendo barabarani kumtazama. Moyoni alianza kujisikia nafuu kidogo. Aili akatoka na fimbo yake, akasimama kwenye nyasi akiangalia.

"Hiyo kazi unajifanyia mwenyewe," alisema. "Mimi sina faida nayo."

Eldon akashusha nyundo. Ilikuwa kweli, na nafuu ile ikamtoka.

"Nifanye nini basi?"

Aili alifikiri. "Wifi yangu Hilja anawasha sauna kila Jumamosi, kule njia ya ziwani. Mpwa wangu hana nafasi ya kunipeleka. Mimi sioni vizuri kuendesha."

Tangu Jumamosi ile Eldon humpeleka. Ni maili kumi na moja. Aili hukaa na taulo lake mapajani, huzungumza juu ya hali ya hewa na watu waliozikwa, na hajawahi kuitaja tena barua. Wakifika Aili huingia ndani, na Eldon hubaki ndani ya pikapu kwa saa nzima au zaidi. Januari, baridi ikiwa ya kupasua mbao, huacha injini ikinguruma na kutazama moshi ukipanda wima kutoka bombani. Mara moja Hilja alitoka, amejifunga koti juu ya gauni, akagonga kioo.

"Wewe unangoja nini huku nje? Wanaume wanaingia baada yetu. Kuna nafasi."

"Asante. Niko sawa hapa."

"Aili amesema uingie."

Eldon aliutazama mlango wa sauna, mwanga wa manjano chini yake, na sauti za wanawake wakicheka. Aliusikia mwili wake ukitaka kwenda.

"Mwambie Jumamosi nyingine," alisema, akafunga kioo.

Amesema hivyo Jumamosi nyingi sasa. Hilja ameacha kugonga. Aili akitoka, uso mwekundu na nywele zimelowa chini ya kitambaa, Eldon hushuka kumfungulia mlango, humshika kiwiko mpaka aketi, na humrudisha kwake polepole, kwa sababu barabara ina barafu.